Mfiwa Haoshi Sufuria

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum huko uliko. Ulitufundisha kwamba mtu akipita makaburini asipite kimya kama anayekwepa wadeni, awasalimie wenyewe, na Mola ndiye anayejua salamu zinafikaje. Basi nakusalimu. Mama anakusalimu. Hamisi naye anakusalimu, ingawa hasemi, ananyanyua kidevu tu kama ulivyomzoea.

Nimekaa uani, kwenye kile kibao chako karibu na bomba. Jua linaingia hapa mchana mara moja tu, halafu linakwenda zake, maana maghorofa yametuzunguka pande tatu na yule jirani wa nyuma yetu bado anapandisha lake. Sakafuni mbele yangu kuna maduara meusi ya masizi, makubwa kwa madogo, yamegusana kama watu waliokaa jamvi moja. Hapo ndipo zilipokaa sufuria zako. Sasa hazipo. Nitakueleza zimekwenda wapi, lakini nianze mbali kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa hupendi kusimuliwa jambo kwa kuanzia mkiani.

Na barua hii nimeiacha wazi, wengine nao waisome, maana hukuwa wetu peke yetu.

Ulikuwa kuli wa bandarini. Ulikuwa unarudi jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi, unaoga, unaswali, unakula na sisi, halafu unafungua kile chumba cha uani na kuanza kazi yako ya pili ambayo hakuna aliyekuajiri. Humo ndimo vilimokaa vyombo vya msiba vya mtaa mzima: majamvi, turubai, miiko mirefu kama makasia, na sufuria. Tulipokuwa wadogo mimi na Hamisi tuliweza kujificha wote wawili ndani ya sufuria moja, tukajifunika na mfuniko wake, na wewe ukijua kabisa tulipo ulikuwa ukiuliza kwa sauti, "Jamani, wanangu wameuzwa sokoni?"

Akija mtu kupiga hodi asubuhi na mapema, kanga kaivaa nje ndani, macho mekundu, hukumuuliza nani amekufa. Hukumuuliza anasali wapi. Ulimuuliza, "Umekunywa chai?" Mama anawasha jiko, mgeni anakaa, akimaliza kikombe ndipo anaanza kulia vizuri, na wewe huku umeshatoa sufuria nje zinamngoja. Msiba wa kanisani, msiba wa msikitini, ulikuwa ukisema njaa yake ni moja.

Sasa, sisi watu wa huku tuna desturi yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea sahani ya futari, utamrudishia na chochote, hata ndimu mbili. Lakini sufuria zako ulitaka zirudi tupu, tena zirudi chafu. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Wanawake walikuwa wanataka kuzisugua kwanza, wanaona haya kumrudishia Mzee Omari sufuria yenye masizi na ukoko, na wewe ulikuwa unawakatalia mlangoni: "Lete hivyohivyo. Mfiwa haoshi sufuria."

Ulikuwa unavua shati, unakaa kwenye kibao hiki. Mchanga, majivu, kumbi la nazi, na ndimu kwa ajili ya harufu. Ulikuwa na utaratibu wako, kwanza mgongo wa sufuria halafu tumbo, na ukishamaliza unaipiga kwa kidole, ikilia "ngee" umeridhika. Masizi yalikupanda mpaka juu ya viwiko. Wengine walisema Mzee Omari ana nadhiri. Wengine wakasema ana kichaa kidogo cha bandarini. Mama yeye alikuwa na wivu wake.

"Baba Saidi," alikuwa akikuambia, "humu ndani kikombe chako kinakaa mpaka kinaota miguu, lakini masizi ya watu unayaweza!"

"Kwani wewe umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Basi osha kikombe."

Mama akicheka mpaka anakaa chini. Lakini bibi mzaa mama alipofariki, baba, uliosha kila chombo cha nyumba hii mpaka arobaini ikaisha. Mpaka kijiko cha uji. Mama akijaribu kukunyang'anya ulikuwa unasema neno moja tu, "Kaa." Naye anakaa.

Nakumbuka mengi na hayaji kwa mpangilio. Nakumbuka siku za mapumziko ulivyotuvusha kwa pantoni pale Magogoni twende Kigamboni tukale mihogo ya kuchoma, umetushika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa sababu ulisema kiganja kina jasho na jasho lina hila. Nakumbuka ulivyokuwa ukinipigia pasi sare ya shule, ukiipulizia maji kwa mdomo, na nilipofika darasa la saba nikaishia hapo ulinunua kitambaa ukanishonesha gauni na kusema elimu haijaisha, imehamia jikoni. Ndiyo hiyo imenilisha mpaka leo, kupikia watu wa sokoni wali na maharage.

Na nakumbuka nilipoachika. Nilirudi nyumbani na watoto wangu wawili na begi moja, nimeshajitayarishia maelezo ya kukupa njia nzima tangu Tandika. Ukafungua mlango, ukamchukua mdogo ukamweka begani, ukaniangalia, ukauliza, "Umekunywa chai?" Maelezo yote yakapotea. Wiki ile kila nikinyanyuka kuosha vyombo nakuta umeshaviosha. Nilidhani unanihurumia tu. Baadaye sana nikiwa barabarani na kapu langu ndipo ilinijia nikasimama palepale, watu wakanipita wakinitukana kwa kuziba njia: baba alinihesabu mfiwa.

Basi ngoja nifike kwa Mzee Kishor, maana bila yeye barua hii haina kichwa.

Wewe na yeye mlijuana tangu vijana, yeye akiuza vifungo na nyuzi pale kwenye duka la baba yake, kona ile ile alipo leo. Mama yake alipofariki alitaka kulisha watu wa mtaa, wapagazi, wasukuma mikokoteni, wote waliokuwa wakimwamkia yule mama kila asubuhi. Alikuja hapa akasimama mlangoni anapindapinda kofia. Chakula chao hakichanganyiki na nyama, na sufuria zako zote zilishapika ng'ombe na mbuzi, hakujua aseme vipi bila kukuudhi. Wewe ukamkatiza. Siku ya pili yake ukarudi kutoka sokoni na sufuria mpya kichwani, kubwa kama zile nyingine. Wakati wa kuishusha Kishor mwenyewe aliigonga kizingitini ikaingia kibonyeo kwenye ukingo, akahuzunika kama amemgonga mtoto. Ukamwambia, "Vizuri, sasa ina alama, haitapotea."

Tukala wali wa choroko mtaa mzima. Na kuanzia hapo sufuria ile ikakaa kwenye msumari wake peke yake, umeifunga uzi mwekundu kwenye sikio. Ilitoka kwa shughuli za akina Kishor tu na kurudi. Sisi watoto tuliambiwa: "Hiyo haijui nyama. Msiifundishe."

Baba, ulipoondoka hukutusumbua. Uliswali, ukaomba maji, ukamwambia mama miguu yako imechoka, basi. Watu walijaa kuanzia hapa mpaka kule wanakouza mitumba, na waliobeba jeneza walikuwa wanapokezana kila hatua, kila mtu anataka bega lake liguse.

Lakini kabla hujatoka mlangoni, mtani wako Bi Tatu alifanya yake. Wewe unamjua. Alivaa kofia yako na miwani yako, akashika mwiko mrefu, akalala chali kizingitini mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu hapa!" anapiga kelele. "Huyu mzee wenu mchoyo! Kaniazima sufuria miaka yote, kila nikiipenda kaninyang'anya. Hatoki mpaka aniachie moja ya kurithi!"

Kisha akainuka, akainamisha mgongo kama wewe, akaanza kuwagombeza waombolezaji kwa sauti yako kabisa: "Nani kanilaza sufuria kifudifudi? Ehe? Mnataka nife mara ya pili?"

Mama alikuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri. Alicheka, baba. Akicheka na kulia kwa pamoja, akavua kanga aliyojitanda akamtupia Bi Tatu, ndipo njia ikafunguliwa, nawe ukapita.

Sufuria zote zilitoka siku ile. Shangazi Somoe alikuwa ameshafika kutoka Kilwa na wenzake, wakalishika jiko la msiba kama inavyopasa, maana sisi wa ndani hatukuwa na mikono. Siku ya kuanua matanga nikasema nikachungulie pilau ya khitma imefikia wapi. Nikaona uzi mwekundu umetupwa chini karibu na mafiga. Nikainua macho. Sufuria ya kibonyeo imejaa pilau, nyama ya ng'ombe imekaa juu inang'aa mafuta.

"Shangazi! Hii mmeitoa wapi?"

"Ilikuwa msumarini huko, mwanangu. Watu wamezidi. Kwani vipi?"

"Hii haipikiwi nyama."

Shangazi akanitazama kama homa ya msiba imenipanda. "Sufuria? Sufuria ina dini?"

Ningemlaumu vipi? Kilwa hakuna aliyemwambia. Nikaenda kuchungulia nje. Mzee Kishor alikuwa amekaa kwenye jamvi na wanaume, kando kidogo, magoti yake mabovu ameyanyoosha, ametulia kimya anasikiliza kisomo asichokielewa. Nikapanga moyoni kwamba hatajua. Nikaufunga ule uzi kwenye pindo la kanga yangu.

Wakala, wakaomba dua, wakatawanyika. Shangazi na wenzake walikuwa na basi lao la kuwahi. Jioni uani kwetu zikabaki sufuria zote, zimejipanga na masizi yake na ukoko wake. Na hapo, baba, ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria wakati ungali hai. Msiba wa kila mtu ulikuwa unaosha wewe. Wa kwako nani aoshe?

Mimi ninaosha masufuria kila siku iliyoumbwa na Mungu. Asubuhi yake nikajifunga kibwebwe, nikachukua kumbi, nikakaa hapa. Mama akatoka chumbani. Mwenye eda huyo, anatembea kwa kushika ukuta.

"Weka chini."

"Mama, zitaoza. Nzi hawa…"

"Weka chini, nimekwambia. Wewe umefiwa."

Hamisi akaja kutusuluhisha, lakini alikuja na lake. Unajua mambo ya nyumba. Tumekubaliana na yule mjenzi, nawe ulikubali kabla hujaondoka, ukasema ukuta hauliwi. Nyumba itavunjwa, ghorofa itapanda, sisi tutapewa sehemu yetu juu. Hamisi akasema kwenye vyumba vya ghorofani hakuna uani, hakuna mahali pa sufuria za namna hii, na wala hakuna wa kuziazima. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu kwa vidole: fulani ameuza kahamia Mbagala, fulani Chanika, fulani watoto wamempeleka Bunju.

"Kariakoo ya sasa ni ya maduka, mama. Mtu akifa wanaagiza chakula kwenye gari, kimefungwa kwenye vikasha. Mtaa wa mzee umekwisha. Tuzipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tumpumzishe."

Mama akaziangalia sufuria moja moja. Halafu akasema, "Sawa. Lakini tungoje. Sisi wafiwa, hatuzigusi. Akija mtu kuziosha bila kuitwa, zitabaki, na Mungu atazionesha mahali. Asipokuja mtu mpaka Ijumaa, zichukue zilivyo uzipeleke unakotaka. Nitajua kazi yake imekufa pamoja naye."

"Na marufuku kumwita mtu," akaniambia mimi, maana ananijua mdomo wangu.

Tukangoja, baba. Sijawahi kungoja hivyo, hata uchungu wa kuzaa una mkunga wake. Mvua ikanyesha, masizi yakachuruzika sakafuni. Paka wakaja wakalamba ukoko wakaondoka. Hodi zilipigwa, lakini alikuwa wa umeme, alikuwa wa maji, alikuwa fundi wa mjenzi anakuja kupima. Kila ikipigwa hodi mama anainua kichwa, halafu anakirudisha ukutani. Hamisi akipita anaziangalia na kutikisa kichwa, wala hakutusimanga, hilo namshukuru.

Siku moja ya hizo nikamuuliza mama kwa nini anang'ang'ania. Nikamwambia, kuosha ni kuosha tu. Ndipo akanieleza. Najua hukupenda lisemwe, unisamehe, lakini mimi nimelihitaji.

Tulikua tukijua kwamba mama anaitwa Mama Saidi na humu ndani hakuna Saidi. Tuliambiwa ametangulia akiwa mchanga, tukazoea, kama mtu anavyozoea chumba kisichofunguliwa. Hatukuambiwa habari ya sufuria. Mama akasema alipokufa Saidi mlikuwa wageni mjini, mmetoka kusini juzijuzi, mnakaa chumba kimoja cha kupanga. Mkaazima sufuria mtaa mwingine. Siku ya kuanua matanga watu wakaondoka, na mwenye sufuria akatuma mtu kwamba anazitaka, tena zirudi nyeupe kama zilivyotoka. Wewe uliwahi zamu bandarini, maana kazi ya kuli haijui tanzia. Ukarudi jioni ukamkuta mke wako amekaa chini anasugua masizi, maziwa ya Saidi yanamtoka kifuani yameilowesha kanga, yanadondokea ndani ya sufuria, naye anasugua tu.

"Baba yako alinishika hapa," mama akaniambia. Akanionesha kifundo cha mkono. "Akasema, kaa. Akaosha yeye. Ujira wake wa kwanza baada ya hapo hakununua kitanda. Alinunua sufuria."

Baba, na mimi miaka yote hiyo nilidhani unaosha masizi ya watu.

Ikafika Ijumaa. Hamisi alikuwa ameshaongea na mwenye mkokoteni, mkokoteni umeegeshwa nje. Wanaume wakatoka msikitini. Mimi nikawa ndani najifanya nachambua mchele, sitaki kuona. Mara nasikia mlangoni:

"Wenyewe mpo? Au mmeshamfuata mzee?"

Bi Tatu. Kavaa ile kanga aliyotupiwa na mama msibani, mkononi ana mfuko wa makumbi ya nazi. Nyuma yake wapo akina mama wawili waliokuwa wapangaji wetu zamani, wametoka huko Mbagala, na wapagazi watatu wa hapo sokoni na jasho lao.

"Tazama uchafu huu!" akaanza. "Nilijua! Nilisema wale wana wa Omari ni wavivu, wamemzika baba yao wakaacha na sufuria ziozee. Tokeni hapo, tokeni! Wafiwa kazi yenu kulia, na hata hiyo hamuiwezi."

"Mbona umechelewa, Tatu?" mama akamuuliza.

"Nimechelewa? Mimi nilikuwa nangoja Mzee Omari aje aoshe! Miaka yote kanizoesha vibaya, leo nimekumbuka kafa."

Mimi nikatoka nikakaa jamvini na mama, wao wakakaa kazini. Mchanga ukaletwa na mmoja wa wapagazi kutoka kwenye lundo la mjenzi, bila ruhusa, Mungu amsamehe. Uani ukajaa mkwaruzo ule, baba, ule wa makumbi juu ya bati, niliolala nao na kuamka nao utoto wangu wote. Hamisi aliyekuwa amesimama mlangoni na mwenye mkokoteni akamwambia yule mtu, "Ngoja kwanza." Halafu akageuka kuangalia ukuta.

Ndipo akaingia Mzee Kishor, anavuta miguu, mkononi ana kibrashi cha dukani kwake. Nikanyanyuka haraka, nikaiendea sufuria ya kibonyeo niisogeze nyuma ya nyingine, mafuta ya ng'ombe yamegandia mpaka ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iache hapo, binti."

"Mzee, hii… siku ya khitma wageni hawakujua…"

"Nilijua tangu siku ile." Akanionesha kwa kibrashi. "Kibonyeo changu mwenyewe nisikijue? Sahani zilikuwa zinapakuliwa mbele ya macho yangu. Na mimi nimezaliwa Kariakoo, pilau ya ng'ombe harufu yake siijui?"

Mkwaruzo ulisimama.

"Mzee Omari amekufa," akasema, "watu wamekuja wengi, sufuria hazikutosha. Alinunua hii ili watu wale. Wamekula. Sasa nipe kigoda, magoti yangu haya hayafiki chini."

Akaletewa kibao chako hiki nilichokalia. Akaivuta sufuria katikati ya miguu, akatia mchanga, akaanza. Mgongo kwanza, halafu tumbo. Sijui alikuona lini.

Bi Tatu asingeweza kuacha. "Kishor wewe! Unasugua mafuta ya ng'ombe? Mungu wako anakuona!"

"Ananiona," akajibu bila kuinua kichwa. "Na wako anakuona wewe umekaa na sufuria ndogo kuliko zote."

Uani mzima ukaangua kicheko. Mimi nikamkumbuka yule kijana aliyesimama mlangoni akipindapinda kofia, na sikuweza kucheka.

Hapo Hamisi akakunja mikono ya kanzu, akaja akachuchumaa pembeni yake, akanyoosha mkono achukue kumbi. Mzee Kishor akamshika kifundo cha mkono. Si kiganja, baba. Kifundo.

"Wewe umefiwa," akamwambia. "Kaa."

Hamisi akakaa. Hajalia mbele yetu tangu akiwa mdogo. Alilia hapo, chini sakafuni, kanzu nyeupe kwenye maji ya masizi, na hakuna aliyemkataza.

Zilipolia zote "ngee" mkokoteni ule ule ukazibeba, ila haukwenda kwenye chakavu, ulikwenda kona. Nyuma ya duka la vifungo kuna ghala, Mzee Kishor haondoki leo wala kesho, na amesema ufunguo mmoja atakaa nao yeye na mwingine Bi Tatu, maana mtani hachoki kugombana. Nikamuuliza kwa wasiwasi kama hataudhika, sufuria za nyama kukaa kwake. Akasema ya kwake tuiweke juu kabisa. Nikafungua pindo la kanga, nikampa uzi mwekundu. Akaufunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata nimesikia zimetoka. Mwanamke mmoja mgeni, wa kwenye maghorofa, amefiwa na mume, akaelekezwa pale. Bi Tatu ananiambia Mzee Kishor alimkalisha kwenye benchi la wateja, akamuuliza kwanza kama amekunywa chai.

Baba, mimi sina elimu ya kuandika dua ndefu. Mama eda yake inaendelea, anakula kidogo, anasema siku hizi anakuona ndotoni na mikono yako ni safi. Nyumba itavunjwa Mungu akipenda, na haya maduara meusi yatavunjwa pamoja nayo. Siyasugui. Nayaachia wavunjaji.

Siku ile wote walipokuwa wakisugua, mimi na mama tulikaa jamvini, mikono juu ya mapaja, hatufanyi kitu. Ilikuwa vigumu. Nikayaangalia mapaja ya mama, nikaiona mikono yake imetulia, nikajua umeipigania tangu zamani itulie hivyo.

Lala sasa. Hakuna masizi yanayokungoja. Mwambie Saidi kwamba tunamjua, na kwamba jina lake ndilo ambalo mama yetu anaitikia mpaka leo.

Ni mimi uliyeniita mkubwa,
mdogo wake Saidi.